Ya Kupoa

Kaka yangu anaitwa Sikio, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa huruma. Alilipata kwa kazi. Ukimletea gari lenye sabufa mpya, ile spika kubwa ya besi, kwenye buti, anazima mbwembwe zote za besi, anapandisha sauti ya redio hadi robo tatu, anaweka mlio wa kupimia, ule mvumo mmoja mnene usiopanda wala kushuka, kisha anainama kwenye buti na bisibisi ndogo kuliko kalamu. Pembeni mwa ampli, kile kisanduku cha kukuza sauti, kuna kiskrubu kinachoitwa geini. Anakizungusha polepole, macho kayafumba, mpaka mvumo uanze kukwaruza. Akiusikia mkwaruzo wa kwanza, anarudi nyuma kidogo sana. "Hapo," anasema, na buti linafungwa.

Wateja wengi hudhani geini ni kitasa cha kuongeza sauti. Kaka amewahi kugombana na watu wazima na heshima zao kwa ajili hiyo. Geini, anawaambia, ni makubaliano. Redio inaleta sauti yenye nguvu fulani, na ampli inaambiwa iipokee kwa kiasi gani. Ukizidisha, ampli inaishiwa pumzi, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na sabufa badala ya kucheza inapikwa. Koili yake, ule waya uliosukwa ndani, inaungua. Harufu ya koili iliyoungua ni ya nywele na plastiki kwa pamoja, na ikishaingia kwenye viti haitoki. Hilo nalijua vizuri kwa sababu viti ni vyangu.

Mimi ni fundi viti. Yadi yetu ni moja: ukiingia getini, kushoto ni kaka na mkewe na makelele yao, kulia ni mimi na cherehani yangu, sponji na majora ya ngozi ya plastiki. Wifi yangu ndiye anayepitisha waya, anayepokea wateja na kuwatuliza wenye vichwa vya moto. Kaka anamalizia. Kazi ya siku nzima, mwisho wake ni pale kwenye bisibisi, na pale hapaguswi na mtu mwingine.

Basi sabufa zikaanza kurudi. Moja kwanza, tukasema bahati mbaya. Ya pili, kaka akaikagua, akainusa, akaitupa pembeni. "Mzigo feki," alisema. "Siku hizi koili wanazisuka kwa uzi wa kushonea." Akanitazama mimi kana kwamba uzi wenyewe nimewauzia. Ya tatu iliporudi alimfungia mteja nyingine bure.

Baada ya hapo nikaona jambo jipya. Wifi yangu akawa msafi. Kila gari ambalo kaka amelimaliza, kabla mwenyewe hajaja kulichukua, wifi anajitokeza na kitambaa cha vumbi, anafungua buti, anainama humo, anakaa humo. Sasa mimi na wifi tunapendana kwa kutupiana maneno, na namjua. Ile meza yake ya kazi ina vumbi la tangu siku ya harusi yao. Mwanamke wa namna hiyo hawezi kuamka asubuhi moja akapenda usafi wa buti za watu. Nikasema moyoni, huyu anaficha kitu humo, na anayeficha kitu kwenye magari ya wateja anamtafutia kaka yangu balaa.

Sina kifua cha kuweka mambo. Siku hiyohiyo nikamfuata, nikaunyanyua mfuniko wa buti juu kabisa. Nikamkuta na bisibisi mkononi, na ile mita ya umeme ya kupimia waya imelala juu ya ampli.

"Unaiba nini?" nikamuuliza.

"Shusha sauti, wifi."

"Sishushi. Unaiba nini?"

"Naiba nguvu," alisema, na hakuwa anacheka. "Napunguza geini. Kaka yako anaiacha juu mno. Zile sabufa hazikuwa feki. Amezipika mwenyewe."

Nilikasirika. Nikamwambia asimzushie mume wake, kwamba kaka alikuwa anasikia mkwaruzo kabla yeye hajajua sabufa inatazama upande gani. Wifi alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Kaa naye kwenye gari linalofuata," alisema. "Kaa tu. Usiseme neno."

Nikakaa. Gari lililofuata lilikuwa dogo, la mwalimu mmoja, na lilihitaji vifuniko vya viti, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuwa kiti cha nyuma na futi yangu ya kupimia. Kaka akaweka mlio. Akainama, akafumba macho, akaanza kuzungusha. Mvumo ukapanda, kioo cha nyuma kikaanza kutetemeka, na halafu nikausikia: mkwaruzo mwembamba, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Nikangoja aseme "hapo". Hakusema. Alikuwa akitabasamu huku akizungusha. Nzi wakawa kumi, na kaka yangu bado anatabasamu, kichwa kakiinamisha upande kama alivyofanya maisha yake yote, anasubiri kitu ambacho kilikuwa kimempita zamani. Nilikuwa na uchungu ambao sijawahi kuwa nao juu ya mtu mzima mwenye afya yake.

"Hapo," alisema mwishoni.

Nilitoka nikaenda kuzugazuga na sponji.

Wifi alinieleza baadaye, tukiwa tumekaa juu ya majora yangu. Besi kaka anaisikia vizuri, tena kuliko sisi. Sauti nyembamba ndizo zimemwondoka. Hasikii mlio wa simu yake akiwa chumba cha pili. Hasikii birika likipiga mluzi, anaona mvuke. Miaka ishirini ndani ya magari yanayotikisika, kichwa chake kikiwa kwenye buti, lazima masikio yangefika mahali yakachoka. Na mkwaruzo wa geini uko kwenye hizo sauti nyembamba.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambieje? Jina lake ni Sikio. Limeandikwa getini kwa rangi nyekundu."

"Rangi inafutika."

"Rangi, ndiyo," alisema wifi. 

Basi akaendelea na usafi wake. Kaka anaweka, wifi anapunguza kwa mita, gari linatoka salama, sabufa zikaacha kurudi. Ingekuwa hadithi ya watu wengine ingeishia hapo. Lakini kaka ana tabia moja: gari likiondoka, anasimama getini kulisikiliza mpaka lipinde kona. Na besi, nimesema, anaisikia.

"Mbona imepwaya?" nikamsikia siku moja anajiuliza. "Nimeiacha imejaa, inatoka imepwaya."

Gari la pili hivyohivyo. La tatu akalifuata hadi kona kwa miguu. Wiki nzima akawa anakunja uso, anapasua ampli mbovu moja na kuichunguza matumbo. Halafu akaja na jibu, na alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu. Ampli za siku hizi, alisema, zinalegea zikipoa. Ukiiweka ikiwa moto inasimama vizuri, ukiizima ikapoa, inashuka. Dawa yake ni kuzidisha kidogo wakati wa kuweka, ili ikilegea ifike pale ulipotaka. Kidogo hicho akakiita "ya kupoa".

Nilimtazama wifi. Wifi alikuwa akitazama koleo lake kama ameliona kwa mara ya kwanza.

Kuanzia hapo ikawa vita ambavyo mmoja wa wapiganaji hajui kwamba anapigana. Kaka anaweka geini, anaongeza ya kupoa. Wifi anaingia na kitambaa, anaondoa ile ya mwanzo na ya kupoa. Kaka anasimama getini, anasikia imepwaya zaidi, kesho anaongeza ya kupoa kubwa. Wifi naye akawa anakaa kwenye buti mpaka wateja wanauliza kama gari lilikuwa chafu kiasi hicho. Mimi nilikuwa katikati na sindano mdomoni, nachekea ndani kwa sababu nisingecheka ningelia.

Na mambo hayakubaki ndani ya yadi. Neno la kaka ni neno kubwa mtaani kwetu. Ng'ambo ya barabara kuna fundi tunayemwita Kelele, mwenye duka kubwa kuliko letu na mdomo mkubwa kuliko duka. Hata yeye huja kimyakimya kumuuliza kaka mambo. Siku moja nimekwenda kununua uzi, nikamsikia anamfokea kijana wake, "Umeweka ya kupoa wewe? Sikio anasema bila ya kupoa hujafanya kitu!" Nikasimama pale barabarani nimeshika uzi wangu. Kitu ambacho hakipo duniani, kilichozaliwa na kitambaa cha wifi yangu, kilikuwa kimevuka barabara na kuanza kufanya kazi. Na ng'ambo hawana mtu wa kuingia na kitambaa. Haikupita muda, upepo ukigeuka, tukaanza kuisikia ile harufu ikitoka upande wao.

Nikamwambia wifi tena, safari hii bila utani. "Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

"Subiri gari la mzee lipite," alisema. "Likipita salama namwambia. Nakuahidi."

Mzee huyo ana magari ya kukodi, mengi, na alikuwa amesema ataleta moja la kujaribia. Akiridhika, yote yatakuja kwetu. Akipata sabufa iliyoungua, basi, jina letu limekwisha kwake na kwa kila anayekunywa naye chai. Kaka alikuwa akilisubiri gari lile kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. "Huyo mzee amenifuata mimi," alikuwa akisema. "Kelele yuko karibu naye zaidi, lakini kanifuata mimi." Wifi alitaka alipitishe kwa mita yake kwanza, ndipo aongee.

Gari likaja siku ambayo wifi hayupo. Mama yake alikuwa amelazwa, amefanyiwa upasuaji wa goti, na wifi ameondoka alfajiri kwenda kumuuguza. Getini aliniambia, "Wifi, la mzee likija, usiliache litoke bila kupunguzwa." Nikamwambia mita yake siijui na yangu ni viti. "Basi punguza tu kwa macho," alisema, na huyo akaenda zake.

Mchana kaka alikuwa ameshapitisha waya mwenyewe, amefunga sabufa, ameweka mlio. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nikirudishia mkanda uliokuwa umefumuka. Akazungusha. Nzi wakaanza. Akazungusha. Nikafunga fundo la uzi, nikakata. Gari zima lilikuwa linalia kama kopo linaloburutwa, na mtu pekee asiyejua ni mwenye bisibisi.

"Hapo," alisema. "Sasa ya kupoa."

Ningeweza kungoja. Akienda kunawa, naingia na kitambaa, napunguza kwa macho, na jioni kaka anasimama getini kusikia imepwaya. Hata kitambaa nilikiona, kimetundikwa kwenye msumari wake. Lakini nilimwangalia kaka yangu anavyojiandaa kuongeza kitu ambacho hakipo, kwa uangalifu ule, kwa mikono safi ile, nikaona kwamba tunamfanya mjinga ndani ya yadi yake mwenyewe. Nikapiga moyo konde.

"Kaka, simama. Inakwaruza."

"Nini?"

"Inakwaruza. Imekwaruza tangu ulipokuwa nusu."

Alizima mlio. "Nani kakuambia?"

"Masikio yangu."

"Masikio ya cherehani hayo. We mdogo wangu, shona viti."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, tena vibaya, kwa sababu kusema taratibu sikufundishwa: sabufa zile hazikuwa feki, wifi anaingia kwenye mabuti na mita, birika anaona mvuke tu. Alisimama na bisibisi yake. Nilitegemea anitukane. Nilitaka anitukane. Alikaa kwenye ukingo wa buti, gari likainama kidogo, na alipofungua mdomo aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Kwa hiyo ampli hazilegei zikipoa?"

"Hazilegei, kaka."

"Nimewaambia mtaa mzima."

Akainuka kutoka kwenye ukingo wa buti. Halafu akaniambia, "Kaa ndani. Ukisikia, inua mkono." Akaweka mlio tena, akarudisha geini chini kabisa, akaanza upya, safari hii macho wazi, ananitazama kupitia nafasi ya viti. Mkono wangu ulipopanda, yeye hakuwa amesikia kitu. Nilimwona usoni. Akarudi chini, akarudia. Mkono ukapanda palepale. Akarudia mara ya tatu, akaniambia nifumbe macho nisione anavyozungusha; mkono ukapanda palepale, na nilipoyafumbua alikuwa ameyafumba yeye.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe alikuwa bado ananifikiria mimi ni mtu wa viti. Akatoa simu, akampigia mkewe.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza kwanza. Alisikiliza jibu, simu kaibana sana sikioni. "Vizuri. Sasa toka nje ukae mahali pametulia. Naiweka simu kwenye buti. Besi hutaisikia, simu haiwezi kuibeba. Ukisikia kitu kinakwaruza, sema hapo. Sema kwa nguvu." Halafu akaongeza, "Nimeshaambiwa."

 Kaka akailaza simu kando ya ampli, akanipa ishara niwe karibu nayo. Akazungusha. Mvumo ukajaa garini, mimi nimeinamia simu, na kwa muda simu haikusema kitu kabisa. Halafu sauti ya wifi ikatoka, ndogo, inatetemeka.

"Hapo. Hapo, mume wangu. Rudi kidogo."

Nikainua mkono, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimesikia. Kaka akarudi kidogo.

"Hivyo?"

"Hivyohivyo. Acha."

"Na ya kupoa?"

"Hakuna ya kupoa," alisema wifi, na hapo akaanza kulia waziwazi, huko huko nje ya hospitali. Kaka alichukua simu. Hakumbembeleza. "Umeniacha niwaambie watu uongo," alisema. "Tutaongea ukirudi." Akakata. Nilimwonea huruma wifi, na nilijua kaka yuko sahihi, yote mawili kwa wakati mmoja.

Mzee alikuja jioni. Alipandisha sauti ya redio, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema la pili litakuja wiki ijayo. Kaka alimsindikiza getini kama kawaida yake, akasimama kusikiliza gari mpaka kona.

"Imetoka kama nilivyoiacha," alisema.

Nilidhani atarudi ndani. Alivuka barabara. Nikamfuata, kwa sababu mdomo wa Kelele naujua na sikutaka awe peke yake. Aliwakuta mafundi wa ng'ambo wakifunga kazi, na hakwenda pembeni na Kelele kama wanavyofanya wanaume wakiwa na la aibu. Alisema palepale mbele ya wote. "Ile ya kupoa acheni. Haipo. Mimi sisikii tena mkwaruzo, nilikuwa naweka juu, mke wangu anapunguza nyuma yangu. Nikadhani ampli zinalegea. Mmechoma sabufa kwa sababu yangu."

Kelele alifungua mdomo. Nikashika kiuno, nikamngoja, nikiwa nimeshamwandalia maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake. Akaufunga. Kisha akavuta kiti, akakifuta kwa mkono, akamsogezea kaka. "Kaa, Sikio," alisema. "Sasa sisi tutakuwa tunamuuliza nani?" Kaka hakukaa, lakini niliona alikiangalia kile kiti.

Wifi alirudi baada ya siku kadhaa, macho yamevimba, na nilimwona anaingia getini kwa kunyata kama mgeni. Nyumbani waliongea, najua, kwa sababu asubuhi yake wote wawili walikuwa na nyuso za watu ambao hawakulala. Sikuuliza. Hata mimi nina mipaka.

Gari la pili la mzee lilikuwa tayari. Wifi, kwa mazoea tu, mkono ukaenda kwenye msumari ukachukua kitambaa. Kaka akamwona.

"Kitambaa kiache," alisema. "Kaa ndani."

Wifi akaketi kiti cha nyuma, mita mapajani, nyaya zake zimepita kati ya viti hadi kwenye ampli. Kaka akainama kwenye buti, akaweka mlio, akazungusha. Mimi cherehani niliisimamisha. Nzi alipoanza tu, wifi akasema "hapo", akaangalia mita, akasema tena "hapo". Kaka akarudi nyuma kidogo, halafu akainua kichwa juu ya kiti akamtazama mkewe.

"Umesema kweli yote? Hukubakiza?"

"Sikubakiza."

"Wala baadaye huingii humu na kitambaa?"

"Siingii."

Alimtazama bado kidogo. Halafu akampa bisibisi juu ya kiti, upande wa mpini, akafunga buti mwenyewe.